TAHADHARI: "Paipu ya mafuta original" ya Hilux ya zamani, usitume hela kabla hujasoma hapa

Wenye Hilux za zamani, zenye namba za modeli LN85, LN106 na wenzake, kuna wauzaji wanaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook na picha ya paipu ya mafuta ikiwa ndani ya mfuko wenye nembo ya Toyota. Maneno yao ni yale yale: paipu hii haitengenezwi tena, zimebaki mbili tu, tuma nusu kwa simu leo, kesho unaupokea mzigo stendi. Kinachofika ni mpira mweusi wa kawaida uliokunjwa ndani ya mfuko mpya, au paipu nyembamba ya breki. Ukipiga simu, haipatikani.

Mchezo huu unanasa watu kwa sababu nusu yake ni kweli. Hilux za toleo la 1988 hadi 1997 ni nyingi barabarani, paipu zake za chuma zinaoza kwenye vishikizo vya chesesi ambako tope hukaa na unyevu, na baadhi ya paipu hizo kiwanda kimeacha kuzitoa. Lakini "haitengenezwi tena" na "namba imebadilishwa" ni vitu viwili. Mara nyingi spea ileile ipo, ila imepewa namba mpya. Nenda na namba ya chesesi kwenye kaunta ya spea ya wakala rasmi, waiangalie kwenye mfumo wao. Hiyo haikugharimu kitu, na ndiyo inayomvua muuzaji nguo mapema: akikutajia namba ya spea ambayo kaunta haiitambui hata kama namba ya zamani, achana naye.

Sasa mpira wenyewe, ule unaounga paipu ya chuma na tangi na injini. Mpira wa mafuta wa kweli huwa na maandishi mwili mzima. SAE (kiwango cha wahandisi wa magari) 30R7 ni wa presha ndogo, unafaa kabureta na laini ya kurudisha mafuta. SAE 30R9 ni wa injini za petroli zenye sindano, kama 22R-E, ambako presha inafika kati ya bar 2 na 3. Matapeli wanachukua mpira wa maji au wa kompresa na kuuchapa "30R9" juu yake. Pitisha kitambaa chenye thina kwenye maandishi. Yakifutika yote kwa mara moja, hiyo ni ishara ya kutilia shaka. Kisha kata kipande cha sentimita 5 na utazame mdomo wake: R9 ina tabaka la ndani linaloonekana wazi kuwa tofauti na mpira wa nje, na katikati kuna nyuzi zilizosukwa. Wa feki mara nyingi ni mpira mmoja mweusi kuanzia ndani hadi nje, pengine na uzi uliopita ovyo. Kipande hicho kipime kwa vernia (kifaa cha kupimia kipenyo), kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli, funga, weka nje mbali na moto kwa siku mbili, upime tena. Mpira wa maji unavimba, unalainika kama ufizi, na petroli inageuka nyeusi. Mpira kama huo ukifungwa karibu na ekzozi ya gari la petroli, gari linaweza kuungua na watu ndani.

Kwa wenye dizeli, madhara huja kimyakimya, na hapa ndipo watu wanakula hasara kubwa kuliko bei ya mpira. Kwenye 2L na 3L, injini za dizeli za Hilux hizi, hakuna pampu ndani ya tangi. Pampu ya injini ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma. Kwa hiyo laini iko kwenye mvuto, si kwenye presha. Mpira uliolegea hauvujishi hata tone, badala yake unaingiza hewa. Dalili: asubuhi gari halishiki mpaka upige pampu ya mkono juu ya filta, au linawaka kisha linazima. Tabaka la ndani likivimba, gari linakosa nguvu mlimani, ukisimama dakika chache linarudi kuwa zima. Fundi asiyejua anashusha pampu na nozeli kwenda kupimwa, na tatizo linabaki palepale. Kabla ya kukubali pampu ishushwe, funga kwa muda kipande cha mpira wa kuonekana ndani, sentimita 15 hivi, pale mafuta yanapoingia kwenye pampu. Washa gari, tazama. Ukiona mapovu yanapita mfululizo, tatizo liko nyuma ya hapo. Ukimaliza kipimo, kitoe kipande hicho. Mpira wa plastiki ukikaa na mafuta unakakamaa na kupasuka.

Kuhusu paipu ya breki: kipenyo chake cha nje ni milimita 4.75, wakati laini kubwa ya mafuta ya Hilux ya dizeli kwa kawaida ni milimita 8. Nafasi ya mafuta kupita inabaki kama robo. Usikubali pia shaba laini ya friji, kwa sababu mtikisiko unaikakamaza mpaka inapasuka, wala bomba la mabati, maana zinki yake inachanganyika na dizeli na kuziba nozeli.

Suluhisho halihitaji "original" ya mtu yeyote. Pima paipu yako kwa vernia mahali pasipo na kutu. Nyoosha waya kufuata njia ya paipu ya zamani kuanzia tangi hadi injini, ongeza sentimita 20, hapo una urefu. Nunua paipu ya chuma iliyopakwa ya kuzuia kutu, au ya kupronikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), ya kipenyo hichohicho. Chomoa betri, injini iwe baridi. Kata kwa kikata paipu, si msumeno, kwa sababu unga wa chuma ukibaki ndani unakwenda kwenye pampu. Ncha zinyanyuliwe kidogo kwa kifaa cha kupanulia ili mpira usichomoke. Mpira uvae angalau sentimita 2.5, na klempu ikae nyuma ya ule uvimbe. Tumia klempu za mafuta zenye ukanda mzima. Zile zenye matundu zinakata mpira ukikaza sana. Weka kishikizo kila sentimita 30 hivi, na kaa mbali na ekzozi na shafti.

Ukilazimika kununua kwa mtu wa mtandaoni, mwambie apige picha ncha zote mbili zikiwa kwenye vernia, namba isomeke. Tapeli hana mzigo, hawezi. Lipa baada ya kushika mkononi. Kwa walio Tanzania, namba iliyokutapeli ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040. Bidhaa yenye nembo bandia ipelekwe Tume ya Ushindani, na Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Mfuko usiutupe, wala ujumbe wa muamala usiufute.