Meta Quest 3 kwa wanafunzi wa uuguzi: inafundisha kuamua, mikono bado

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii hapa mezani ni Meta Quest 3, miwani ya uhalisia pepe, na leo naipima kwa kazi moja: kumwandaa mwanafunzi wa uuguzi kupokea majeruhi wengi kwa mkupuo. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa kwa nini. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, watu 228 wakafa.

Programu niliyoijaribu inafuata utaratibu wa START, yaani kuwapanga majeruhi kwa rangi: nyekundu ahudumiwe kwanza, kijani anaweza kusubiri. Anayeweza kutembea, kijani. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Asiyeweza kufuata maelekezo mepesi, nyekundu pia. Asiyepumua hata ukishamfungulia njia ya hewa, nyeusi, unasonga mbele. Darasani rangi hizi zinakaririka kirahisi. Ukiivaa miwani, anayepiga kelele anakuvuta kwake, kumbe aliyenyamaza pembeni ndiye anayekwisha. Kumpita mtu anayekulilia ni kitu cha kufanyia mazoezi, na kwa hilo tu naipa alama za juu.

Sasa walimu, hapa nisikilizeni vizuri. Programu hii imejengwa kwa milipuko na ajali za magari, ziwa halimo. Aliyezama ameacha kupumua kwa kukosa oksijeni, na moyo unaweza kuwa bado unadunda. Mwongozo wa Ulaya wa kufufua unataka aanze kupewa pumzi 5. Mwanafunzi akizoea kubandika nyeusi haraka, ataibeba tabia hiyo hadi mwaloni Kirumba, hata siku ambayo waliozama ni wawili na wahudumu wapo wa kutosha. Semeni hilo kabla hajaivaa.

Mikono nayo haijifunzi humu. Kidhibiti unachoshika mkononi hakina ugumu wa kifua cha mtu, kwa hiyo msiuze midoli ya kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua. Uzuri ni kwamba miwani hii inaonyesha pia chumba ulichomo, kwa rangi, hivyo programu ya uhalisia ulioongezwa inaweza kuweka jeraha juu ya mdoli halisi. Huko ndiko ningependa vyuo vyetu vielekee.

Uzito ni gramu 515, na betri, kwa maelezo ya watengenezaji, ni wastani wa saa 2.2. Darasa kubwa halitatosha kupokezana. Rusheni picha kwenye televisheni: mmoja avae, wengine wabishanie kila rangi anayotoa.