Galaxy A15 na laini mbili: zaidi ya mwaka wa simu na intaneti kati ya Konde na Mjini

Ni mwezi wa kumi na nne sasa natumia Samsung Galaxy A15, na muda wote huo simu hii imeishi nami katika sehemu tatu: skuli ninayosomesha Chake Chake, kisiwani Pemba, nyumbani kwa mama yangu Konde, huko huko Pemba, na mjini Unguja ninakokwenda kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi wanaoniuliza wanunue simu gani huanza na kamera na rangi. Mimi, baada ya kipindi hiki, naamini kwamba kwa mtu wa visiwani swali la kwanza ni mtandao gani unafika pale anapolala, na la pili ni kama simu anayoitaka inaweza kuupokea mtandao huo ikiwa ndani ya nyumba. Mengine yote yafuate nyuma ya hayo.

Niliinunua mapema mwaka 2025 kwa shilingi 390,000, bei iliyokuwa imeshuka kwa sababu A16, simu iliyoifuata, ilikwishatoka tangu Oktoba 2024 na wenye maduka walitaka kumaliza mzigo wa zamani. Safari hii sikununua kwa maneno. Simu niliyokuwa nayo kabla niliuziwa katika duka moja la mjini kama simu mpya yenye nafasi ya GB 128, kumbe ndani yake nafasi ya kweli haikufika hata robo yake. Ilipojaa, mafaili yakaanza kuharibika moja baada ya jingine, na alama za mitihani ya kidato cha pili nilizokuwa nimezipiga picha zikawa hazifunguki tena. Niliporudi dukani nilikuta muuzaji mwengine ambaye hakunijua wala hakutaka kunijua.

Kwa hiyo nilipoingia duka jengine, Mchangani, niliomba boksi lifunguliwe mbele yangu, nikabonyeza *#06#, nikazilinganisha namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zilizotokea kwenye kioo na zile zilizochapwa ubavuni mwa boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha nikaituma namba hiyo kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyotangazwa sana wakati simu bandia zilipozimwa nchini Juni 2016. Kijana wa duka aliniambia, "Mama, simu hii mpya, usiwe na wasiwasi." Nikamjibu, "Mwanangu, maneno yako siyakatai, lakini nistahamilie kidogo mpaka ujumbe urudi." Ujumbe ukarudi na jina la kampuni na aina ya simu, vyote vikiwa sawa na boksi. Ukirudi na jina la simu nyengine kabisa, irudishe mezani hapo hapo, hata kama umeahidiwa punguzo.

Sasa niseme kuhusu simu yenyewe. Kioo chake ni cha inchi 6.5, aina ya Super AMOLED, na hiki ndicho kitu ninachokisifu bila kusita. Msimu wa karafuu nilikuwa Konde, na kazi yangu ilikuwa kuandika idadi ya pishi zilizoletwa na kila mchumaji huku jua la saa sita likiwa limesimama juu ya majamvi. Mdogo wangu alikuwa na Tecno Spark 20, simu nzuri ya bei ya chini, yenye kioo cha aina nyengine, IPS. Yeye alilazimika kukingia mkono ili asome majina, mimi nilisoma na kuandika nikiwa nimesimama juani. Kwa mtu ambaye simu yake hufanya kazi nje, shambani, ufukweni au sokoni, tofauti hiyo ina thamani kuliko kamera ya tatu, ambayo katika A15 ni ya megapikseli 2 na sijaona kazi yake mpaka leo. Kamera kuu ya megapikseli 50 inapiga picha safi mchana; usiku ni ya wastani.

Spark 20 nayo ina mambo ambayo Samsung wangepaswa kujifunza. Ndani ya boksi lake mna chaja na kava, wakati boksi la A15 lina waya peke yake, na ukitaka kasi yote ya wati 25 ambayo simu inaweza kuipokea huna budi kununua kichwa cha chaja mbali. Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa sababu vichwa vya bei ndogo vimejaa sokoni Darajani vikiwa na nembo ya Samsung lakini vyepesi mkononi kama ganda tupu. Umeme wetu hupanda na kushuka, na kichwa kibovu hakimkingi mtu na lolote. Nilitoa shilingi 35,000 kwa kichwa halisi, na sijutii.

Jambo la pili ambalo Spark 20 inashinda ni sehemu ya laini. Yenyewe ina nafasi mbili za laini na ya tatu ya kadi ya kumbukumbu. A15 ina nafasi mbili tu, moja ikiwa ya pamoja: ama uweke laini ya pili, ama uweke kadi. Kwingine jambo hili huenda likaonekana dogo, ila kwetu ambako karibu kila mtu mzima ana laini mbili, moja ya namba ambayo ndugu wote wanaijua na nyengine ya bando, ni kasoro ambayo inafaa ijulikane kabla ya kulipa. Wapo wazee wengi ambao hawawezi kuiacha namba yao inayoanza na 0777, waliyoipata tangu enzi za Zantel, kampuni iliyoanzia hapa hapa Zanzibar mwaka 1999 na ambayo leo, baada ya kuunganishwa na Tigo, inajulikana kwa jina la Yas tangu Novemba 2024. Namba hiyo imo katika vitabu vya misikiti, imo katika daftari la duka, imo vichwani mwa watoto walio Muscat. Huiachi. Kwa hiyo mwenye kununua A15 achukue yenye GB 128 au zaidi na asihesabu kadi.

Kuhusu uhai wa simu, A15 ilitoka na Android 14 na Samsung wameahidi matoleo manne ya mfumo pamoja na miaka mitano ya masasisho ya usalama, maana yake ni mpaka karibu na mwisho wa 2028. Naliona hili kuwa muhimu kwa sababu simu ya zamani ya mama, iliyokuwa na Android 4.4, iliachwa na WhatsApp Januari 2025 ingali nzima, kioo hakijapasuka wala betri haijavimba, na mama aliamka akidhani watoto wake wamemnunia. Anayenunua simu iliyotumika aangalie kwanza toleo la mfumo wake, na aangalie kama bado linapata masasisho.

Nakuja kwenye mtandao, ambao ndio kiini cha maneno yangu.

Nyumba ya mama imejengwa kwa matofali na kuezekwa mabati, na Konde iko jirani na msitu wa Ngezi. Bati huyarudisha nyuma mawimbi ya redio, na miti yenye majani mabichi, hasa baada ya mvua, huyameza. Vijistari vya mtandao vilivyo juu ya kioo havisemi ukweli wote, kwa sababu kila kampuni inayotengeneza simu huvipanga kwa kipimo chake. Kipimo cha kweli kinapatikana kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kwenye hali ya laini, nacho huandikwa kwa dBm. Ni namba hasi, na kadiri inavyokuwa karibu na sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu. Chumbani kwa mama, laini yangu ya kwanza ilionesha -117. Dirishani upande wa kusini ikaonesha -103. Laini ya pili, ya kampuni nyengine, chumbani humo humo ilionesha -98. Katika kipimo hiki kila tofauti ya 10 ni sawa na nguvu mara kumi, kwa hiyo laini ya pili iliingia chumbani na nguvu karibu mara themanini ya ile ya kwanza, kwenye simu ile ile, kitanda kile kile. Nilikuwa nimekwishailaumu simu bure.

Tofauti hiyo hutokana na umbali wa mnara, na hutokana pia na masafa yanayotumika. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya megahezi 2300 au 2600, ambayo hubeba data nyingi lakini huishia njiani. Mjini nilishuhudia hayo kwa namna nyengine: nyumba ya ndugu zetu Mkunazini ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na katika chumba cha chini simu hupata intaneti dhaifu ingawa mnara hauko mbali, lakini ukipanda ghorofa ya pili na kufungua dirisha kila kitu hufunguka. Kwa sababu hiyo simu inayoletwa zawadi kutoka Marekani ikaguliwe kabla ya kushangiliwa. Baadhi ya zinazouzwa kule hazipokei bendi ya 20, yaani ile ya megahezi 800, nyengine zimefungwa kwa kampuni ya kule, na iPhone kuanzia ya 14 zinazouzwa Marekani hazina hata kitundu cha kuingiza laini ya kawaida. A15 ya soko la kimataifa inaipokea bendi hiyo.

Mtandao dhaifu hula chaji pia, maana simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti ili isikike. Betri yangu ni ya mAh 5000. Siku niliyoshinda Konde na laini ya kwanza pekee, niliitoa simu kwenye umeme asubuhi ikiwa na asilimia 100, na baada ya sala ya Alasiri ilikuwa na 41 na mgongo wake una joto. Siku iliyofuata nikaitumia laini ya pili kwa kazi zile zile, na wakati ule ule ilikuwa na 63. Chake Chake, ambako laini zote mbili ni nzuri, hulala na zaidi ya 40.

Bando ni mlango mwengine wa hasara. Kampuni moja ninayoitumia huhesabu saa 24 tangu dakika ya kununua, na niliwahi kununua bando la siku jioni ya kuamkia safari, nikalala, nikapanda boti Mkoani asubuhi, tukapita mkondo wa Nungwi bila mtandao wowote, na nilipoteremka bandarini Malindi, Unguja, yalibaki masaa machache na data nyingi ambayo sikuwa na namna ya kuimaliza. Nilipiga huduma kwa wateja, nikaambiwa ndio utaratibu. Tangu hapo nanunua la wiki au la mwezi, hata kama kwa hesabu ya siku moja linaonekana ghali. Kanuni za TCRA za mwaka 2021 zinaitaka kampuni ikuarifu bando linapotumika kwa asilimia 75 na linapokwisha, kwa hiyo ujumbe wa aina hiyo usiufute bila kuusoma. Ndani ya WhatsApp nimezuia picha na video kujipakua zenyewe, na peke yake hilo limenipunguzia matumizi kuliko kitu chengine chochote, kwa kuwa magurupu ya ukoo na ya walimu hayalali.

Kuna jambo moja ambalo dBm haiwezi kukuonesha, nalo ni msongamano. Mnara mmoja hugawiwa na kijiji kizima, na laini inayokwenda mbio saa nne asubuhi inaweza kukwama kabisa saa mbili usiku, watu wamekwisha kula na kila mmoja ameshika simu. Kwa hiyo kabla sijasajili laini ya pili niliazima ya jirani kwa usiku mmoja. Nilikaa kwenye kitanda cha mama, mlango umefungwa, saa mbili na nusu, nikampigia ndugu yangu aliyeko Muscat kwa video, na kwa dakika kumi na mbili sura yake haikuganda wala sauti haikukatika, mpaka mama akaniomba simu na kuanza kumuuliza kama amekula. Asubuhi yake nilichukua namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nikaenda kwa wakala kuweka alama ya kidole na kusajili laini.