Grupu la WhatsApp la mtaa wetu Kariakoo: uzoefu wangu tangu mgao wa maji

Niliingizwa kwenye grupu la mtaa wetu Oktoba 2022, kipindi kile Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaanza kupata maji kwa zamu. Naishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na siku tatu mfululizo nilikuwa nanunua maji kwa madumu na kulipa kijana wa kunipandishia. Jirani yangu wa mlango wa pili, wala hana habari. Ndoo zake zimejaa. Nikamuuliza anakinga saa ngapi. Akacheka, akanionyesha simu: "Kumbe haumo kwenye grupu? Yametoka saa tisa usiku, tumeamshana." Jioni ile admini akaniweka. Nimejaribu kulefti mara mbili, mara zote nimerudi mwenyewe.

Nawaandikia wanaohamia Kariakoo, Ilala, Magomeni na kwingine penye watu mchanganyiko, maana siku ya kwanza tu mjumbe atakuuliza kama uingizwe.

Watu wa nje wanaijua Kariakoo kama soko, wanakuja asubuhi na jioni wanaondoka na mifuko. Sisi tunalala hapa. Jina lenyewe limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mitaa ukiitembea unasoma watu waliokuja mjini: Nyamwezi, Sukuma, Manyema, Pemba, Congo. Grupu ni hivyohivyo. Yumo muuza vitambaa wa Wete na muuza vipuri wa Rombo. Ipo familia ya Kihindi iliyokaa nyumba ileile tangu sisi wengine hatujazaliwa. Mfanyabiashara wa mabegi kutoka China hatumi maandishi kabisa, anatuma voisi kwa Kiswahili cha dukani, "rafiki, maji iko?" Mama wa Lubumbashi anapanga chumba kila akija kuchukua mzigo na anaandika "aksanti" hata akiwa kwao, miezi mitatu haonekani mtaani lakini harusi zote anazijua.

Sasa huduma yenyewe. Kama grupu lingebaki na kazi moja, basi ibaki misiba. Hapo sina neno. Tanzia ikiingia inakuwa imekamilika: jina la marehemu, jina tulilomjua nalo mtaani (maana ya vyeti wengi hatuyajui), anasaliwa msikiti gani baada ya sala ipi, anazikwa Kisutu au anasafirishwa Moshi saa ngapi, namba ya kutuma rambirambi na jina litakalotokea ukituma. Chini yake "Inna lillahi" na "Bwana alitoa, Bwana ametwaa" zinapishana bila mtu kuona ajabu. Siku moja msiba ulinikuta niko Mbagala kufuata vifungo vya mteja. Nikatuma elfu tano yangu nikiwa ndani ya daladala. Nafika mtaani nakuta turubai limeshafungwa, viti vimeziba njia, na kijana mmoja anaelekeza bodaboda wapite mtaa wa nyuma. Saa mbili hazijafika. Zamani habari ilipita mlango kwa mlango, na aliyeipitisha alichoka ghorofa ya pili. Sisi wa juu tulikuwa tunausikia msiba siku ya kuanua tanga.

Maji na umeme ni hivyohivyo, taarifa fupi na za kweli, kwa sababu anayeandika naye anangoja.

Usiku wa mwezi sasa. Mimi ni fundi cherehani, na ingawa sifungi, hakuna mtu anayeutafuta mwezi wa Idi kama mimi. Ukiandama, nakesha namalizia kanzu na magauni ya watoto, usipoandama, nalala. Basi kuanzia magharibi ya siku ya ishirini na tisa grupu linachemka. Inaletwa picha ya mbingu nyeusi yenye doti limezungushiwa duara jekundu, na mtu mzima yeyote anaona hiyo ni taa ya kwenye winchi ya ujenzi. Mwingine binamu yake ameuona Pemba. Mwingine anasema Saudia wameshatangaza, mjadala umekwisha. Mwingine anasema yeye hamsikilizi mtu mpaka Mufti atangaze. Muuza kuku anauliza achinje au asichinje. Na mama wa Rombo, aliye Mkatoliki, akaandika mwaka fulani: "Jamani amueni, watoto wangu wamealikwa nyumba tatu na sijui niwavishe lini." Mwaka huo korido yetu ilisherehekea siku mbili. Tusiofunga tulikula pilau zote mbili.

Nimelipenda grupu usiku ule kuliko siku yoyote, na ni usiku huohuo lilinipotezea muda kuliko siku yoyote. Admini angelifunga mapema na kuweka tangazo moja tu, ningejua kama nakesha saa mbili nzima kabla.

Lakini kosa la mwezi unalipa kwa usingizi tu. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka hapahapa Kariakoo, na siku hiyo niliona grupu likifanya mema na mabaya kwa pamoja. Mema: watu walianza kujiandikisha. "Mimi nipo salama." "Dada yangu nipo naye." "Fundi wa saa ameonekana, yuko nje." Mtu alikuwa anauliza jina, mwingine anajibu kwamba amemwona kwa macho yake na yupo wapi. Hakuna redio wala runinga ambayo ingenijibu kuhusu binti anayenishonea vifungo. Grupu lilinijibu ndani ya dakika ishirini. Mabaya: zilianza kumiminika picha za majengo ya nchi nyingine, idadi za waliokufa zilizotolewa na mtu aliyekuwa Gongo la Mboto, na voisi moja ya mwanamke anayehema akisema la pili nalo linaanguka, mtaa wetu, kimbieni. Jengo letu lote lilishuka ngazi. Kuna mama alishuka na mtoto mchanga na kanga moja, na kuna mzee alianguka ngazi ya tatu akateguka mguu. Hakuna jengo la pili lililoanguka. Mpaka leo hatujui voisi ile ilianzia wapi; ilifika ikiwa na vishale viwili, yaani ilishafowadiwa mara nyingi kabla ya kutufikia.

Vishale viwili hivyo nawaomba mvitazame. Tangu 2020 WhatsApp iliweka kwamba ujumbe wa namna hiyo unaupeleka sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Ni sawa, lakini mtaani kwetu mtu yuko kwenye magrupu ishirini na mchana mzima ni wake.

Tangu siku hiyo nina kanuni yangu, na ndiyo ninayopimia grupu lolote: tangazo lisilo na saa, mahali na jina la mtu wa kuulizwa, nalipita. Admini naye aliongeza masharti, ukileta picha ya tukio sema umeipiga wewe. Wiki mbili yalishikwa vizuri, sasa yanashikwa na waoga.

Nisiache upande unaoniudhi. Matangazo ya shughuli za mtaa, ambayo ndiyo sababu ya grupu kuanzishwa, ndiyo yanayopotea kwanza. Kikao cha wakazi kuhusu ada ya taka kilitangazwa saa mbili asubuhi. Kufika saa nne juu yake kulikuwa na heri za kuzaliwa, "amina" zisizohesabika, picha ya pweza wa kuchemsha na mtu anauza friji. Sikuliona tangazo. Nikaja kuliona baada ya ada kupanda, na nilipolalamika nikaambiwa "si ilitangazwa kwenye grupu?" Ujumbe unaweza kubandikwa juu ukakaa, ni jambo la kugusa mara mbili. Nimemwambia admini mara tatu. Ananijibu kidole gumba.

Siku za Simba na Yanga grupu linafungwa kabisa, wanaandika maadmini tu, na naliunga mkono hilo kwa mikono miwili. Klabu moja iko Msimbazi, nyingine Jangwani, sisi tuko katikati na nyumba zetu zina madirisha ya vioo.

Kuhusu gharama, grupu ni bure, bando si bure. Mwezi wa kwanza video za watu wasionihusu zilinimalizia GB nzima kabla sijajua kuwa zinajipakua zenyewe. Nenda kwenye mipangilio uzime upakuaji wa picha na video, acha maandishi. Halafu nyamazisha sauti, ila mwambie jirani mmoja akupigie maji yakitoka. Ukifanya hivyo grupu nalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Usipofanya, mbili.

Nyota nyingine nimeikata kwa sababu ya Bibi wa chini. Kwa wapangaji wa jengo letu hakuna aliyetangulia kuja kabla yake. Mtaani anajua nani alikuwa mtoto wa nani, na simu yake ni kiswaswadu, ya vitufe, haina WhatsApp. Ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa siku hizi una karatasi za zamani tu zilizopauka, na gari la spika linapita kutangaza bahati nasibu na matamasha. Yeye, aliyekuwa habari ya mtaa mwenyewe, ndiye wa mwisho kujua.

Basi kila jioni nikifunga cherehani nashuka. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, haya, wamesemaje leo?" Nafungua simu namsomea: aliyefiwa, aliyejifungua, anayehama, kuku aliyepotea. Ananisahihisha njiani, huyo siye Mwanahamisi unayemdhania, huyo ni mjukuu wa yule fundi makanika. Nikifika kwenye utani wa vijana naruka, naona haya.

"Rudi nyuma," ananiambia. "Kidole chako kimekimbia hapo."