Misumeno mitatu ya kale: zana nzuri, maelezo ya kurekebishwa

Nilinunua kwa mkupuo misumeno mitatu ya mkono kutoka kwa muuzaji wa zana za kale, na tathmini hii inahusu zana zenyewe pamoja na maelezo aliyoziuzia. Zana nimezipenda. Maelezo yana makosa, na kwa kuwa zana ya kale huthaminiwa kwa umri wake na jina la aliyeitengeneza, makosa hayo yanamgusa kila mnunuzi.

Msumeno wa kwanza ni wa kiwanda cha Disston, toleo liitwalo D-8, uliotangazwa kuwa wa mwaka 1840. Ni kweli kwamba Henry Disston alianza kazi yake mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1840, lakini mwaka kilipoanza kiwanda si mwaka wa kuzaliwa kwa kila msumeno uliotoka humo. Jibu lilikuwa kwenye mpini, mbele ya macho ya muuzaji. Medali, yaani ile skrubu kubwa ya shaba yenye maandishi, ina neno "Sons", yaani wana. Disston alitumia jina lake peke yake hadi 1865, alipomwingiza mwanawe Hamilton na medali zikaanza kusomeka "& Son"; ile herufi s ya mwisho iliongezwa mwaka 1871. Herufi moja, inayosomeka bila lenzi, inatosha kuutoa msumeno huu katika miaka ya 1840.

Umbo la bapa, yaani lile bamba la chuma lenye meno, linaongeza ushahidi, kwa sababu mgongo wake haukunyooka bali umebonyea kidogo kuelekea menoni, na D-8 yenye mgongo huo ilianza kuuzwa mwaka 1874. Kilichonisaidia zaidi ni nati. Nati za zamani zilikuwa na mpasuo, zikalala sawasawa na mbao, na hazifunguki ila kwa bisibisi yenye ncha mbili. Hizi zangu zina vichwa vya mviringo vilivyoinuka kidogo juu ya mbao, aina iliyopewa hataza mwaka 1887. Kwa upande wa pili, medali inasema "Philada", kifupi cha Philadelphia, ilhali medali zilizofuata kuanzia mwaka 1917 hivi zina herufi "U.S.A.". Basi mpini huu ni wa kati ya mwisho wa miaka ya 1880 na 1917. Ni umri wa kuheshimika, ila umepungua kwa karibu nusu karne au zaidi kutoka ule niliouziwa.

Nimesema mpini, sikusema msumeno, na hapa ndipo wengi hukosea. Medali hukaa kwenye mpini, na mpini huhamishika: fundi aliyevunja wake huchukua wa msumeno mwingine, akatoboa matundu mapya, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo nililegeza nati kwa bisibisi pana iliyojaa vizuri kwenye mfuo, nikazitoa moja moja, kisha nikalizungusha bapa taratibu, kwa kuwa kisigino cha D-8, yaani mwisho wa bapa unaoingia mpinini, ni cha duara na hutoka kwenye mpini kwa kuzunguka, si kwa kuvutwa. Nilichokiona kilinifurahisha sana. Matundu ni yale yale ya kiwandani, hakuna hata moja la ziada. Na chuma kilichofichwa na mbao kilikuwa bado cheupe, kikiwa na mpaka wa kutu unaofuata ukingo wa mpini bila kupotoka. Vitu hivi viwili vimekaa pamoja muda mrefu. Muuzaji hakulitaja jambo hili, na ndilo ambalo ningelitangaza kwanza.

Maandishi yaliyochorwa kwa asidi ubavuni mwa bapa yamefifia. Niliyapitia kwa msasa laini uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa, kwa maji, nikasimama mara yalipoanza kuonekana. Anayetumia mashine ya kusugua hupata chuma kinachong'aa na kuupoteza ushahidi wote, nami nasikitika kila ninapoona msumeno uliosuguliwa hivyo. Kwenye kisigino kuna namba 8 ndogo, inayoonyesha ncha nane za meno kwa kila inchi, na nilipozihesabu zikatimia, ishara kwamba hakuna aliyeyabadili meno kwa tupa. Baada ya kunolewa unakata mbao kavu kwa mstari mnyoofu, bila kubana.

Msumeno wa pili uliandikwa kuwa umetengenezwa na "kampuni ya Warranted Superior". Kampuni hiyo haikuwapo. Maneno hayo, yenye maana ya "ubora umedhaminiwa" na mara nyingi yakiwa na picha ya tai, yaliwekwa na watengenezaji wengi kwenye misumeno ambayo hawakuitilia jina lao, na kwa medali hiyo peke yake mtengenezaji hajulikani. Wa tatu una muhuri "London Spring", ukauzwa kama kazi ya London. Hilo ni jina la daraja la chuma, chini ya "Cast Steel" (chuma cha kuyeyushwa), na lilitumiwa na watengenezaji wa Sheffield, mji uliokuwa moyo wa kazi ya misumeno Uingereza. Yote miwili inafaa kazi za kawaida, na zaidi ya hapo sina la kuisifia.

Kwa ubora wa zana, ufungaji na ukweli wa picha, ninampa muuzaji alama nne kati ya tano. Kwa maelezo ninampa moja. Nimemwandikia nikimweleza kuhusu neno "Sons", nati na muhuri, nikamwomba apige picha ya medali kwa karibu katika kila tangazo, ili mnunuzi ajisomee mwenyewe. Amejibu kwa adabu na ameanza kufanya hivyo. D-8 sikuirudisha, nimeupaka mpini mafuta ya kitani, na kesho unaanza kazi.