Nimejifunza pikipiki kubwa hapa Unguja: duka silipendekezi, fundi wao wa uani ndiyo

Yule kijana muuzaji wa mbele dukani hakunitazama hata mara moja. Niliyepiga simu ni mimi, niliyelipa ni mimi, na helmeti iliyokuwa mkononi ilikuwa yangu, lakini kila neno kuhusu pikipiki ile alimwambia mdogo wangu wa kiume niliyefuatana naye, ambaye hajawahi kuendesha kitu chenye injini maisha yake. “Mwambie dada’ko akae mbele kidogo.” “Mwambie asiguse hapo.” Mimi nimesimama hapo hapo, namsikia. Hata risiti aliiandika kwa jina la mdogo wangu. Nilimtajia jina langu, akaitikia “haya”, kisha akamgeukia yeye na kalamu mkononi: “Wewe nani vile?”

Jina la duka silitaji. Liko mjini, wanauza pikipiki kubwa zilizotumika kutoka Japani, na wanatangaza kwamba wanafundisha wanaoanza. Mambo ya injini na spidi mtayasoma wenyewe, yamejaa kila mahali. Mimi naandika kuhusu mafunzo, kwa sababu wanaotaka kupanda mashine hizi Unguja wanazidi, na sisi wanawake tumo.

Sikwenda pale mgeni wa barabara. Nimekulia juu ya Vespa ya baba, na sasa naiendesha mwenyewe kila asubuhi kutoka Fuoni hadi skuli ninayosomesha. Najua maji ya masika yanavyoyafunika mashimo ya Mwanakwerekwe, najua daladala inavyosimama ghafla ikimwona abiria. Lakini Vespa yangu ya cc 150, yaani ukubwa wa injini, haifiki nguvu za farasi 10, na ile pikipiki ya cc 600 ya silinda nne niliyokwenda kujifunzia inapita 100. Gia za Vespa ziko mkono wa kushoto, za ile ziko mguu wa kushoto, na mguu wangu wa kushoto haujawahi kufanya kazi yoyote barabarani. Nilijua kwamba mimi ni mwanafunzi. Ndiyo maana nililipa.

Ua wao wa mbele umeinama kuelekea barabarani, na barabara ile haitulii: daladala, bodaboda, gari za ng’ombe, watoto wa madrasa. Pale ndipo aliponikalisha juu ya pikipiki iliyokwisha washwa. Somo lote lilikuwa hili: “Mwambie aingize gia ya kwanza aachie klachi, itakwenda yenyewe.”

Nikamuuliza klachi hii, ule wenzo wa mkono wa kushoto unaoiunganisha injini na gurudumu, inashika wapi, mwanzo wa kuachia au mwisho. Nilimwita mwalimu, kwa heshima. Akawachekea wenzake waliokaa kwenye benchi, wakacheka na wao, kisha akamwambia mdogo wangu: “Kama anaogopa mrudishe nyumbani. Hii si Vespa ya kwendea sokoni.”

Nilizima injini, nikateremsha stendi, nikashuka.

Na nataka ieleweke vizuri kwamba sikushuka kwa woga. Pikipiki ya karibu kilo 200, kwenye mteremko, klachi hujui inashika wapi, na mbele yako kuna barabara ya watu: wa kuogopewa ni yule anayekaa kimya na kuachia. Mimi ni mwalimu. Mtoto anayeuliza kabla ya kushika ndiye ninayemruhusu ashike. Lile lilikuwa swali la mwanafunzi mzuri, nililipia jibu lake, na badala ya jibu nikafanywa kichekesho cha benchi. Naandika haya sasa na moto bado unanipanda. Mdogo wangu naye, masikini, alikuwa anatazama chini tu, hajui ashike upande gani.

Nilikuwa nimeshasimama kwenye meza yao nadai pesa yangu, aliponiita mtu mzima mmoja kutoka uani, mikono imejaa grisi.

“Mwanangu, njoo huku.”

“Ami, mimi nimeshachoka na hapa.”

“Umechoka na yule. Mimi bado hujanisikia.”

Ndiye fundi wao. Na kuanzia hapo habari ni nyengine kabisa, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kila anayeanza anastahiki kufundishwa vile.

Kwanza hakuwasha injini. Alinitaka niisukume pikipiki uani, niizungushe, niirudishe, niiegemeze kulia na kushoto mpaka nijue inapoanza kulemea. Kisha akailaza chini mwenyewe, taratibu, juu ya gunia, akaniambia niinyanyue. Nikajaribu kwa mikono, haikutikisika. Akanionyesha: unaipa mgongo, makalio kwenye siti, magoti umeyakunja, mkono mmoja kwenye usukani na mwengine kwenye chuma cha nyuma, halafu unatembea kinyumenyume kwa hatua ndogo. Ikiwa imelalia kulia, unafungua stendi kabla, isije ikaangukia upande wa pili. Iliinuka. Mimi, na mwili wangu huu mdogo, niliinyanyua, na mdogo wangu akapiga makofi.

Baada ya hapo ndipo akawasha. Gia ya kwanza, miguu yote miwili chini, mkono wa mafuta, ule wa kulia unaouzungusha kuongeza mwendo, nisiuguse kabisa. “Achia mpaka iombe kwenda, kisha minya tena.” Tukafanya hivyo, mbele shubiri, nyuma shubiri, mpaka vidole vikapajua mahali klachi inaposhika bila ya mimi kufikiri. Jibu la swali langu, basi, lilikuwepo. Halikuhitaji zaidi ya mtu mwenye adabu.

Akanirekebisha kiwiko na kifundo cha mkono. Mtu anayeanza hushika mkono wa mafuta kifundo kikiwa juu. Pikipiki ikiruka, mwili unabaki nyuma, mkono unavutwa nao, na ukivutwa ndiyo unaongeza mafuta. Hapo mtu anapiga kelele na huku mwenyewe ndiye anayeikimbiza. Kifundo kikikaa chini, ukishtuka unafunga. Kitu kidogo namna hiyo, na kule mbele hawakukitaja.

Breki ya mbele alinifundisha kwa muda mrefu kuliko kitu chochote. Nilikwenda na maneno ya mtaani kwamba breki ya mbele inaangusha, usiiguse. Alikasirika kidogo. Akasema ya mbele ndiyo inayosimamisha, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unakuja mbele na kuligandamiza tairi la mbele, la nyuma linabaki jepesi. Kinachoangusha ni kuikwapua kabla uzito haujafika, au kuifunga huku usukani umeukata. “Iminye kama unavyokamua tui, mwanangu, polepole kisha kwa nguvu.” Nikaelewa palepale.

Mwisho akalaza mbao chini, moja baada ya moja, nipite juu yake bila ya kushuka, na kwa mwendo wa kutembea. Haraka hakutaka. “Mbio kila mtu anaweza,” alisema, “nionyeshe taratibu.” Baadaye nimesoma kwamba Japani, zinakotoka pikipiki hizi, jambo hili limo katika mtihani wenyewe: ubao wa urefu wa mita 15 na upana wa sentimita 30, na wa pikipiki kubwa anatakiwa asiumalize kabla ya sekunde 10. Sijui Ami aliyapata wapi. Sikumuuliza, nilikuwa nashughulika nisianguke.

Siku aliyoniruhusu kutoka, alinifuata nyuma na pikipiki yake ndogo. Ijumaa asubuhi, watu wachache, tukashika njia ya Tunguu. Sijapata kuendesha kitu kilichotulia vile. Gia ya tatu, mafuta kidogo tu, na uzito ule ulionitesa uani ukawa hauko. Karibu na Jozani tukapunguza kwa ajili ya matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju, na nilizishusha gia zote kwa mguu wangu wa kushoto bila ya kuutazama. Nililia ndani ya helmeti. Nasema wazi, nililia kwa furaha.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuandika sifa. Duka lina kijana mmoja asiyejua kusema na watu, nikasema, lakini fundi wao anafuta yote, nendeni. Kwa siku kadhaa hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu, na wawili watatu nikawapeleka kwa maneno yangu.

Kisha nikarudi kulipia sehemu ya mwisho ya mafunzo.

Nikakuta kijana mdogo, kiasi cha wanafunzi wangu waliomaliza juzi, anakabidhiwa ufunguo wa pikipiki ya cc 1000. Kandambili miguuni. Helmeti hana. Juu ya mteremko ule ule, na mtu yule yule anamwambia achie klachi itakwenda yenyewe. Safari hii benchi halikucheka, lilishangilia. Pikipiki iliruka, ikazima, akaiwasha tena, ikatoka barabarani inayumba na daladala ikampigia honi ndefu. Ami alikuwa hayupo, amekwenda kusali.

Nikamuuliza muuzaji: nani amemfundisha mtoto yule? Na hapo ndipo aliponisemesha mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Neno moja: “Kalipa.”

Kalipa! Hukohuko Japani, mwenye leseni ya pikipiki ya kawaida haruhusiwi kupanda inayozidi cc 400 mpaka afanye mtihani mwengine. Wao wanailetea Zanzibar mashine ile bila ya sharti lake. Na si jambo la kubahatisha, limeshapimwa zamani. Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti baada ya kuzifuata wenyewe, barabarani, ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji wale hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifundisha, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa na chini ya miezi mitano juu ya pikipiki waliyopata nayo ajali, hata kama kabla yake walishazoea nyengine. Na muda wa kuikwepa ajali, kwa kawaida, haukufika sekunde 2. Sekunde 2 kwa mkono uliofundishwa na Ami ni breki. Kwa mkono wa mtoto yule ni nini?

Alifika kwao salama, nimeulizia. Lakini duka halina mkono katika salama hiyo na nisisikie wakijisifu nayo.

Basi nayaondoa maneno yangu ya mwanzo, na wale niliowapeleka nimewapigia simu mmoja mmoja. Duka lenye mtu anayejua kufundisha, na bado likawatoa watoto barabarani mwalimu yuko msikitini, nalihesabu ni baya kuliko duka lisilo na mwalimu kabisa. Wangeweza kumwambia asubiri mpaka sala iishe. Robo saa!

Anayetaka kununua, anunue pengine. Anayetaka kujifunza, aingie kwa mlango wa uani baada ya alasiri, amwone fundi, na pesa ampe yeye mkononi, kwa sababu nimejua kwamba katika ile niliyolipa mbele hakupata hata shilingi. Nendeni na helmeti zenu na viatu vya kufunga, hakupandishi bila ya hivyo. Ameniambia anatafuta uwanja wake mwenyewe upande wa Fuoni. Akihamia, nitaandika alipo.