Fundi wa kukagua njia za maji, Mwanjelwa: mpigieni kabla hamjanunua nyumba

Wadau wa Mbeya, kama uko mbioni kununua nyumba au hata kupanga nyumba nzima, kabla hujatoa hela mtafute fundi wa kukagua maji yanaingiaje na yanatokaje, na huyu ninayemsema kijiwe chake kipo Mwanjelwa upande wa maduka ya vifaa vya ujenzi, tumemtumia kwenye nyumba moja tuliyokuwa tunaitaka Isyesye na nimeridhika naye sana.

Nilichompendea, haanzii bafuni. Anaanza nje, anazunguka kiwanja chote taratibu akiangalia alama za tope chini ya ukuta, maana huku kwetu nyumba nyingi ziko kwenye miteremko na mvua ikishaanza Novemba ni mpaka Aprili huko, maji ya jirani wa juu lazima yapite mahali, kama hakuna mtaro yanapita kwako. Alafu akatupigia hesabu ya paa: mita za mraba 100 zikipata mvua ya milimita 10 tu tayari ni lita 1000, sasa jiulize zinaenda wapi.

Gata za ile nyumba kwa macho ziko safi kabisa, ila bomba linaloshuka limezama ardhini na hakuna anayejua linatokea wapi. Fundi akapanda ngazi akamwaga ndoo ya maji kwenye gata, mwenzake kafungua chemba ya choo, haya maji hayo yanakuja! Yaani maji ya mvua yameunganishwa na maji taka. Kiangazi huoni shida yoyote, ila masika septiki inajaa kabla ya wakati na uchafu unarudi mpaka ndani. Mama mwenye nyumba mwenyewe alishangaa, akasema "mwanangu mimi mafundi ndo walinifanyia hivyo, sikujua", na nilimwamini.

Sasa kipimo cha mteremko wa bomba. Akaweka rangi ya chakula nyekundu chooni, akaflashi, tukasimama kwenye chemba ya pili tunasubiri. Ikaja polepole sana, na ilipoisha kupita kukabaki kidimbwi chekundu kimelala kwenye mdomo wa bomba, hakiendi mbele wala nyuma. Akatoa mpira wa maji ule wa kupimia levo akapima chemba kwa chemba: bomba la inchi 4 linatakiwa lishuke kama inchi 3 kwa kila futi 10, pale hata inchi moja haifiki. Maji yanatangulia uchafu unabaki, ndo maana choo kinaziba kila mara na watu wanalaumu karatasi.

Septiki yenyewe mfuniko ulikuwa chini ya pevingi za parking, ilibidi zing'olewe, fikiria siku gari la kunyonya linakuja lingenyonya wapi. Alivyofungua alituambia wote tusogee mbali hewa itoke kwanza na hakuruhusu mtu ainame pale, hilo nimelipenda mno maana gesi ya mle inaua mtu mzima kwa dakika chache na bado kuna mafundi wanatumbukia kichwa kichwa. Shimo la kunyonya maji, lile linalopokea maji yanayotoka septiki, akaliangalia kwa majani ya juu yake, yakiwa mabichi kuliko kwingine wakati wa ukame ujue maji yanapanda badala ya kushuka. La pale lilikuwa sawa.

Mapungufu yapo. Alichelewa mpaka jua likawa kali, na ripoti yake ni voisi noti za WhatsApp, ukitaka maandishi ya kumwonyesha muuzaji uandike mwenyewe. Pia hana kamera ya kuingiza kwenye bomba, kwahiyo kipande kilicho chini ya zege la sebule alikisia tu kwa jinsi maji yalivyotoka, na alisema wazi kuwa anakisia.

Mama amekubali kutenganisha bomba la gata na kulaza upya bomba la choo kabla hatujamalizana bei, na fundi huyuhuyu atarudi kupima kazi ikiisha kabla mtaro haujafukiwa. Kama unamtaka mpigie mapema, maana Oktoba, mvua zikikaribia, simu yake haipatikani.