Kioo Safi, Mkono Mrefu: Duka la Simu la Barabara ya Luthuli

Ufundi wa duka hili dogo la jijini Nairobi hauna kasoro: kioo kipya kimekaa sawasawa, na mguso unaitika hata pembezoni. Kilichonikera ni kwamba fundi aliomba nywila ili akijaribu, kisha akafungua picha nilizopiga Lamu wakati wa Maulidi na kunakili kadhaa kwenye kompyuta ya kaunta, eti ziwe sampuli za kuwaonyesha wateja ubora wa kamera.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 kinahusu kuingia pasipo idhini, na adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Wakili angeweza kumtetea kwamba nywila niliitoa kwa hiari. Kwa maoni yangu, idhini ya kujaribu kioo haigeuki kuwa idhini ya kupekua picha. Upande wa hakimiliki ni mwepesi zaidi, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2001 humlinda mpigapicha hata kama hajasajili kazi yake, na kunakili bila ruhusa kunatosha kuwa ukiukaji wa haki hiyo.

Nilipomweleza alizifuta mbele yangu, bila ubishi, ndiyo maana naacha nyota 3. Ukienda, usitoe nywila. Mguso hujaribiwa vizuri tu kwenye vitufe vya simu ya dharura.